Matoazi kwenye Mistari Mitano: Historia ya Kuandika Dramu za Bendi Mjini Juba na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi dramu na matoazi yalivyoingia katika muziki wa eneo la Juba, Sudan Kusini, kupitia jeshi, kanisa na dansi, na kwa nini sehemu ya mpiga dramu ilikawia kupata maandishi yanayosomeka bila utata. Hoja kuu ni kwamba kikwazo hakikuwa uhaba wa alama, bali uhaba wa makubaliano kuhusu maana ya alama. Kwa kulinganisha suala hili na mikutano ya lugha iliyofanyika Rejaf na Mombasa mwaka 1928, makala yanaonyesha kwamba usanifishaji huzaa hifadhi pale tu wenye fani wanaposhirikishwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa taasisi za elimu, utamaduni na lugha za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London imehifadhiwa ngoma kubwa ya gogo, yenye umbo la ndama na mwanya mrefu mgongoni. Wataalamu huihusisha na ukanda unaokutanisha Sudan Kusini, kaskazini-mashariki ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ngoma hiyo ilifika Khartoum, ikachongwa nakshi za mtindo wa Kiislamu ubavuni. Na jeshi la Kitchener lilipouteka mji huo mwaka 1898, ikachongwa pia alama ndogo ya taji, kisha ikapelekwa kwa Malkia Victoria. Mti huo umebeba kumbukumbu ya tawala zilizopita juu yake. Jambo moja tu halikubaki: midundo iliyopigwa juu yake. Ala imesalia, muziki wake umepotea.

Tukio hilo linaweka wazi tatizo linaloshughulikiwa hapa. Mdundo usioandikwa huishi mikononi mwa mpigaji na masikioni mwa mwanafunzi wake. Mahali penye utulivu, urithishaji wa namna hiyo unatosha, na kwa karne nyingi umetosha. Mahali ambapo vita vimewatawanya watu mara kwa mara, mnyororo hukatika. Sudan Kusini ilipita katika vita vya mwaka 1955 hadi 1972, vingine vya mwaka 1983 hadi 2005, na mapigano yaliyozuka Juba Desemba 2013 na tena Julai 2016. Nyaraka za utawala za nchi hiyo zenyewe zilipata kuhifadhiwa ndani ya hema mjini Juba kabla ya kupangwa na kunakiliwa kidijitali. Karatasi, pamoja na udhaifu wake, iliweza kungoja ndani ya hema. Mdundo usioandikwa haukuwa na hema la kungojea.

Makala haya hayashughulikii ngoma za asili peke yake. Yanajikita kwenye dramu za bendi, yaani dramu za gwaride na seti ya dramu ya dansi na kanisa, hasa matoazi yake. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu ndilo linalodhaniwa kuwa tayari lina maandishi, ilhali maandishi hayo ndiyo yenye utata mwingi zaidi.

2. Njia ya matoazi hadi Mto Nile

Matoazi na dramu kubwa viliingia katika bendi za kijeshi za Ulaya katika karne ya 18 kwa kuiga bendi za jeshi la Waturuki wa Osmani, zilizojulikana kwa jina la mehter. Karne iliyofuata safari iligeuka. Muhammad Ali alipoliunda upya jeshi la Misri kwa mfano wa Ulaya, alichukua pia mazoezi na muziki wa gwaride la Ulaya. Misri ilianza kuivamia Sudan mwaka 1820, na katika miaka ya 1870 utawala wa Misri ulikuwa umefika Lado, kituo kilichokuwa kaskazini kidogo ya mahali palipo Juba leo. Matoazi, kwa hiyo, yalikuja katika bonde la Nile kama sehemu ya nidhamu ya askari.

Historia hiyo haikuishia Lado. Baada ya vita vya Mahdi kuukata mkoa wa Ekwatoria na Khartoum, askari wa Emin Pasha walirudi kusini. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao kwenda Uganda, ambako wazao wao wanajulikana hadi leo kama Wanubi. Askari wa asili hiyo walikuwa miongoni mwa msingi wa vikosi vilivyounganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles. Kutoka katika ulimwengu huo wa askari, na kutoka katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ngoma ya beni ilienea Afrika Mashariki yote, ikiwa na dramu, tarumbeta, vyeo na gwaride. Vyama vya Marini na Arinoti, ambavyo Ranger (1975) aliviandikia historia, vilichukua umbo la bendi ya kijeshi na kulipa maisha ya mtaani.

Jambo muhimu katika historia hiyo ni kwamba kilichosafiri kilikuwa umbo na sauti. Karatasi haikusafiri kwa kiwango hicho. Bendi rasmi za jeshi zilikuwa na vitabu vya nota, lakini sehemu ya dramu kubwa na matoazi ndani ya vitabu hivyo ilikuwa fupi na ya kukisia. Kwa desturi ya zamani ya bendi hizo, dramu kubwa na matoazi viliandikiwa mstari mmoja. Ilieleweka kwamba toazi linafuata kila pigo la dramu kubwa, isipokuwa pale palipoandikwa kwamba dramu ipige peke yake. Kwa aliyelelewa ndani ya desturi hiyo, nota moja ilimaanisha ala mbili. Kwa aliyetoka nje, nota moja ilikuwa ala moja. Ukurasa uleule ukawa na muziki wa aina mbili.

3. Rejaf na Mombasa, 1928: funzo la makubaliano

Ili kuelewa kwa nini utata kama huo ulidumu, inafaa kutazama uwanja wa jirani ambao ulipata makubaliano mapema, nao ni uandishi wa lugha. Mwezi Aprili mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa lugha mjini Rejaf, kusini kidogo ya Juba, akiwapo Diedrich Westermann kama mtaalamu. Mkutano huo uliteua lugha za makundi za kufundishia: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kilatuko na Kizande, na ukaweka misingi ya tahajia. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi.

Kati ya viwanja hivyo viwili kuna mtu mmoja anayestahili kutajwa. A. N. Tucker, aliyefanya kazi ya isimu Sudan ya Kusini baada ya mkutano wa Rejaf, alichapisha mwaka 1933 kitabu kuhusu muziki na michezo ya makabila ya eneo hilo, kikiwa na nyimbo zilizoandikwa kwa nota. Mwaka 1942, pamoja na E. O. Ashton, alichapisha uchunguzi wa fonetiki ya Kiswahili. Sikio lililosikiliza irabu za Kibari ndilo lililosikiliza nyimbo zake, na baadaye likasikiliza Kiswahili. Hata hivyo matunda hayakulingana. Lugha zilipata kamati, tahajia, vitabu vya shule na wasomaji. Muziki ulipata kitabu kimoja cha mtafiti mmoja. Hapakuwa na Rejaf ya midundo.

Makanisa na shule nazo hazikuziba pengo hilo. Njia ya kusoma muziki iliyoenea zaidi Afrika Mashariki ilikuwa tonik-solfa, mfumo wa herufi ulioendelezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Uliwawezesha wanakwaya wengi kusoma sauti nne bila kujua mistari mitano. Lakini solfa hutaja kimo cha sauti, na toazi halina kimo kinachoweza kuitwa do wala so. Mwanakwaya akawa msomaji. Mpiga dramu aliyesimama kando yake akabaki msikilizaji. Tofauti hiyo ya kielimu iligeuka kuwa tofauti ya hadhi: mwenye karatasi aliitwa mwanamuziki, asiye nayo akaitwa mpigaji.

Rejaf inafundisha pia kwa upungufu wake. Wajumbe wengi walikuwa maafisa wa serikali na wamishonari. Wenye lugha hawakuwa waamuzi. Lugha zisizoteuliwa zilibaki pembeni, na sera iliyozunguka mkutano huo ilikusudia kuitenga kusini na kaskazini. Makubaliano yanayofanywa juu ya vichwa vya wahusika yanaweza kuleta maandishi, lakini huacha majeraha. Tahadhari hiyo itarejewa katika mapendekezo.

4. Seti ya dramu na jazi ya Juba

Seti ya dramu ni chombo cha karne ya 20. Kazi iliyofanywa na wapigaji wawili au watatu wa gwaride ilikabidhiwa mtu mmoja aliyeketi. Kanyagio la dramu kubwa, ambalo kampuni ya Ludwig ya Chicago ililiimarisha kibiashara kuanzia mwaka 1909, liliuachia mguu kazi ya mkono. Na katika miaka ya 1920 yakazuka matoazi pacha yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, yaani haihati. Kuanzia hapo mpigaji mmoja alikuwa na viungo vinne vyenye kazi nne, na kila kiungo kilihitaji kuandikwa.

Juba ilikipokea chombo hiki kikamilifu katika kipindi cha amani kilichofuata Mkataba wa Addis Ababa wa Februari 1972. Watu waliokuwa uhamishoni Uganda na Kongo walirejea wakiwa wamezoea rumba na muziki wa dansi wa Kampala na Kinshasa. Bendi kama Rejaf Jazz na Skylarks zilitia muziki huo katika Kiarabu cha Juba. Jina la Rejaf Jazz linagusa historia iliyotangulia: mahali palipopangiwa lugha maandishi mwaka 1928 ndipo palipoipa bendi jina lake, ingawa dramu za muziki wa namna hiyo zilirithishwa kwa sikio. Mwanafunzi alikaa nyuma ya mwalimu, akatazama, akaiga, kisha akapewa fimbo.

Njia hiyo ilizaa wapigaji hodari, na si haki kuiita ya kienyeji kwa maana ya upungufu. Udhaifu wake ulikuwa nje ya muziki. Vita viliporejea mwaka 1983, watu wakatawanyika. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoasisiwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 na kikarejea tu baada ya amani ya mwaka 2005 na uhuru wa mwaka 2011. Katika hali kama hiyo, wimbo wenye maneno hubebwa na waimbaji wengi, na mmoja akisahau mwingine hukumbuka. Sehemu ya dramu hubebwa na mtu mmoja.

5. Utata unavyotokea na unavyoondolewa

Inafaa sasa kueleza maandishi yenye uwazi ni yapi. Katika mistari mitano ya kawaida, nafasi ya nota huonyesha kimo. Katika sehemu ya dramu, nafasi huonyesha ala. Hayo ni mabadiliko makubwa ya maana, lakini karatasi haisemi lolote kuyahusu isipokuwa mwandishi aseme. Kwa muda mrefu kila mchapishaji alikuwa na mpango wake. Katika miaka ya 1990 Norman Weinberg alilinganisha desturi zilizokuwapo, na mwaka 1998 Chama cha Sanaa za Ala za Kugonga cha Marekani kikachapisha mwongozo wake wa kuzisanifisha. Kwa mpango unaotumika zaidi leo, dramu kubwa ya mguu hukaa katika nafasi ya kwanza kutoka chini, snea katika nafasi ya tatu, na tomu katika nafasi nyingine kufuatana na ukubwa wake. Matoazi huandikwa kwa kichwa cha nota chenye umbo la msalaba wa mshazari: toazi la kuendeshea mdundo juu ya mstari wa tano, haihati inayopigwa kwa fimbo mara moja juu ya mistari, toazi la mshindo juu zaidi, na haihati inayofungwa kwa mguu chini ya mistari yote.

Umbo la kichwa cha nota hutenganisha ngozi na shaba. Jicho hutambua toazi kabla ya akili kuhesabu mstari. Hata hivyo umbo peke yake halitoshi, kwa sababu toazi lina maisha baada ya pigo. Haihati iliyofungwa hutoa sauti kavu, iliyofunguliwa hupumua. Duara dogo juu ya nota huonyesha kufungua, na alama ya kujumlisha huonyesha kufunga. Toazi la mshindo huendelea kuvuma baada ya tarumbeta kunyamaza. Mwandishi akitaka livume, huacha upinde wazi baada ya nota. Akitaka lishikwe, huandika alama ya kimya na neno la kuagiza lizimwe. Asiposema, bendi itamaliza wimbo kwa pamoja na toazi litaendelea peke yake hadi ndani ya hotuba ya mgeni rasmi.

Chanzo kingine cha utata ni wingi wa alama za kimya. Chukua kipimo cha mapigo manne: haihati inapigwa mara nane kwa urefu sawa, snea kwenye pigo la pili na la nne, dramu ya mguu kwenye la kwanza na la tatu. Mwandishi anayeipa kila ala njia yake na kuandika kila pigo la snea na la mguu kwa urefu wa robo, hulazimika kuongeza alama nne za kimya, na msomaji huona njia tatu zinazogombana. Mwandishi anayefuata mwili wa mpigaji huandika mikono pamoja, mashina yakielekea juu, na snea ikiunganishwa kwenye shina la haihati. Mguu huandikwa kwa mashina yanayoelekea chini. Kwa kuwa pigo la dramu ya mguu halirefushwi kwa kuandikwa refu, laweza kuandikwa kama nota mbili za nusu. Alama za kimya zinatoweka zote nne, na kipimo kilekile kinasomeka kwa mtazamo mmoja.

Kompyuta zimeongeza haja ya uangalifu. Tangu mwaka 1991 kanuni ya General MIDI imezipa sauti za ala za kugonga namba: dramu ya mguu 36, snea 38, haihati iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46, toazi la mshindo 49. Programu isiyoelezwa kwamba mistari hii ni ya dramu huzisoma namba hizo kama vimo, ikapiga kinanda mahali pa toazi. Mashine inadai waziwazi kile ambacho binadamu alikuwa akikikisia kimyakimya: ufunguo unaosema alama ipi ni ala ipi.

Kwa ngoma za asili, mistari mitano si lazima iwe jibu. A. M. Jones (1959) aliyaandika mapigo ya ngoma kwa msaada wa mashine ya kuyanasa kwenye karatasi. James Koetting (1970) alieneza mfumo wa visanduku, ambapo kila kisanduku ni pigo dogo kabisa la wakati. Kwa ngoma za Ekwatoria zinazopigwa kwa pamoja, visanduku vyaweza kufaa zaidi. Lakini navyo havisemi chochote bila ufunguo. Uchaguzi wa mfumo ni suala la pili. Makubaliano ni la kwanza.

6. Wimbo wa taifa na wimbo wa jumuiya

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika Juba ilipokuwa mji mkuu wa taifa jipya. Muziki wa wimbo wa taifa wa Sudan Kusini ulitungwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba, na nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 wimbo huo ukawa mali ya dunia nzima. Wimbo wa taifa ni muziki unaopigwa mara nyingi na watu wasiowahi kuwasikia watunzi wake. Bendi ya nchi mwenyeji huupokea kama karatasi. Melodia ikiandikwa vizuri hufika salama. Sehemu ya dramu ikiandikwa nusunusu, kila bendi huijaza kwa mazoea yake, na wimbo wa Juba hutembea kwa mwendo wa Vienna au wa Beijing.

Kenya ilikutana na suala hilo mapema. Wimbo wake wa taifa wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya bembelezo la Wapokomo na jopo la wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi. Bembelezo la mama halina toazi. Kila mlio wa dramu na shaba katika upigaji wa kijeshi wa wimbo huo ni nyongeza ya mpangaji, nayo ni sehemu ya utunzi kama ilivyo melodia.

Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wimbo wake, Jumuiya Yetu, ni wa Kiswahili. Kwa hiyo bendi za nchi wanachama zinatakiwa kupiga wimbo mmoja, zikitoka katika malezi tofauti ya Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na ya makanisa mbalimbali. Maneno ya wimbo huo yanasomeka sawasawa Zanzibar na Juba kwa sababu tahajia ilikubaliwa karibu karne moja iliyopita. Matoazi yake bado hayana tahajia ya pamoja.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba Juba haikuwa pembezoni mwa muziki wa bendi wa Afrika Mashariki. Askari waliotoka eneo lake walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ulimwengu uliouzaa. Kilichokosekana ni chombo cha kukubaliana juu ya maandishi. Huenda ikadaiwa kwamba kuandika kutaugandisha mdundo ulio hai. Hofu hiyo ina msingi iwapo kila pigo litaamriwa. Maandishi mazuri ya dramu huonyesha mwendo, mapigo yasiyoweza kukosekana na mahali pa uhuru wa mpigaji, kisha hunyamaza.

Yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae orodha fupi ya istilahi za dramu na matoazi, ikianzia na maneno ambayo wapigaji wenyewe wanayatumia Juba, Kampala, Nairobi, Bujumbura na Dar es Salaam. Pili, upitishwe ufunguo wa ukurasa mmoja, unaooana na desturi ya kimataifa, na uchapishwe mwanzoni mwa kila sehemu ya dramu inayotumika katika hafla za Jumuiya. Tatu, nyimbo za taifa na wimbo wa Jumuiya ziwe na sehemu kamili ya dramu, pamoja na rekodi ya sauti, na mpangaji wake atajwe kwa jina. Nne, vyuo vyenye idara za muziki, kikiwamo Chuo Kikuu cha Juba, viwakutanishe wapigaji wazee na wanafunzi wanaojua kuandika, ili midundo ya bendi za miaka ya 1970 inakiliwe wenyewe wakiwa hai na wakiwa na haki ya kusahihisha kilichoandikwa.

Pendekezo la mwisho ndilo la haraka zaidi. Istilahi na ufunguo vinaweza kusubiri kikao kingine. Umri wa wapigaji hausubiri. Na tofauti na Rejaf ya mwaka 1928, safari hii wenye sauti wawe mezani, fimbo mkononi, kabla kalamu haijaanza kuandika.